Daftari la Evelio: Maneno ya Kumuaga Mwalimu Socorro

Mheshimiwa Meya wa mji wetu. Bi Mkuu wa Maktaba pamoja na wajumbe wa bodi yako. Padre Anselmo, uliyeahirisha mafundisho ya kipaimara ili uwe nasi. Walimu wangu wa zamani na wa sasa. Wazazi mliokuja moja kwa moja kutoka kwenye viwanda vya kufungasha matufaha, ambao kutoka hapa nilipo naona wengine bado mna zile kofia za wavu kichwani. Wanafunzi wa darasa la Jumamosi. Na wewe, Mwalimu Socorro Villaseñor, uliyekaa hapo mbele ukijifanya hupendi kusifiwa huku umevaa hereni ambazo hatujaziona tangu harusi ya mdogo wako: hamjambo nyote, na shikamooni wale wote wanaonidai heshima hiyo.

Mimi ni Nereida Urrutia. Wengi wenu mnanijua kama binti wa Eleuterio, yule mchumaji matufaha. Wachache mnanijua kwa ile riwaya yangu, na nusu ya hao wachache hamjanisamehe.

Nimepewa dakika ishirini. Bi Obdulia wa kamati ya maandalizi alinipigia simu wiki iliyopita, akanibembeleza: "Nere, tafadhali, iwe hotuba ya furaha. Watu watakuwa wanakula keki." Nikamwahidi. Bi Obdulia, Mungu ni shahidi wangu, nilijaribu. Niliandika hotuba tatu za furaha, na kila moja nikamsomea Mwalimu kwenye simu. Ya kwanza alinyamaza. Ya pili alikohoa. Ya tatu akanikatiza katikati akasema, "Mwanangu, huyo unayemsifu mimi simjui. Ukisimama pale mbele bila kumtaja Evelio, nitanyanyuka niende zangu, na hiyo keki mtakula wenyewe."

Basi leo nitamtaja Evelio. Evelio Urrutia, kaka yangu, aliyenizidi miaka miwili, na ambaye tulimzika Oktoba iliyopita akiwa na miaka thelathini na minane.

Ndugu zangu, wangapi kati yenu mnakumbuka kwamba darasa hili la uandishi lilipoanza, miaka ishirini na sita iliyopita, mwanafunzi wake wa kwanza hakuwa mimi? Mkutubi hunitambulisha hivyo kwa wageni, magazeti yameandika hivyo, na mimi mwenyewe nimekaa kimya nikaacha liaminike. Ukweli ni kwamba mimi nilifuata nyuma. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na nilikuja hapa Jumamosi kwa sababu nyumbani kulikuwa na vyombo vya kuosha. Aliyekuja kuandika alikuwa Evelio. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, mrefu, mwembamba, masikio yamesimama, na aliandika amelalia meza kana kwamba anaogopa daftari litamtoroka.

Alichoandika ndicho kilichotuleta hapa, kwa hiyo naomba mnivumilie niwaeleze.

Msimu ule, bibi yetu mzaa baba alifariki kule Michoacán, Meksiko. Simu ilipigwa kwa msimamizi wa shamba, maana sisi hatukuwa na simu, na msimamizi akaja kati ya mistari ya miti akamwambia baba pale pale, baba akiwa juu ya ngazi na mfuko wa matufaha kifuani. Evelio alikuwa chini akiokota yaliyoanguka. Baba hakuwa na hati za kuishi Marekani wakati ule. Angekwenda kumzika mama yake, asingerudi kwetu. Angebaki nasi, asingemzika. Alishuka, akautundika mfuko kwenye ngazi, akazunguka nyuma ya masanduku makubwa ya mbao. Evelio akamfuata kumuuliza kama anataka maji. Akamkuta amechuchumaa, ameuma ukingo wa kofia yake kwa meno, analia bila sauti, mabega yakitetemeka. Evelio akarudi kinyumenyume. Baada ya muda baba akatoka, akavaa mfuko, akapanda ngazi, akachuma mpaka jioni. Nyumbani alitangaza msiba kwa maneno manne: "Mama yangu amefariki. Tule."

Hiyo ndiyo hadithi aliyoandika kaka yangu. Kurasa kumi na moja kwa penseli. Mwalimu aliisoma akiwa amesimama pale kwenye dirisha lile, na mimi nilimwona akivua miwani. Akamwambia, "Evelio, hii mpelekee baba yako. Baba yeyote angefurahi kuona mwanawe amemtazama hivi."

Mwalimu, uliniomba nisiifiche sehemu yako. Siifichi. Ulisema hivyo.

Na kaka yangu akaamini. Kwa nini asiamini? Alikuwa hajawahi kumpa baba kitu ambacho baba hakuwa nacho tayari.

Jumapili iliyofuata tulikuwa na nyama choma uani kwetu, kama Jumapili nyingine zote. Wajomba zangu wanne walikuwepo, na majirani, na ndugu wa ubatizo wa baba, na muziki kutoka kwenye gari la mtu. Baba hakusoma, alikwenda shule miaka miwili tu. Evelio alipompa daftari, baba alilipima mkononi kama mtu anayepima samaki, na mimi nawaambieni, katika maisha yangu sijamwona Eleuterio Urrutia amejaa fahari namna ile. Alizima redio mwenyewe.

"Nyamazeni!" akasema. "Nyie, nyamazeni! Mwanangu ameandika kitabu. Kinanihusu mimi."

"Kinakuhusu wewe?" akauliza mjomba Nabor, kaka wa mama. "Basi kitakuwa kifupi."

Watu wakacheka, na baba akacheka nao. "Soma, mwanangu. Kwa sauti. Wasikie hawa mbwa."

Evelio akasoma. Alisoma vizuri, alikuwa na sauti inayoanza kuvunjika. Alisoma jinsi baba anavyopanda ngazi bila kushika, jinsi anavyojua tufaha lililoiva kwa kuligusa tu na kidole gumba, na wajomba wakaitikia kwa vichwa, na baba akawa anawatazama mmoja mmoja. Halafu hadithi ikafika nyuma ya masanduku. Evelio hakuhisi hatari. Alikuwa ameinamisha uso kwenye karatasi. Alisoma kofia, alisoma meno, alisoma mabega.

Nasikia bado mafuta ya nyama yakidondokea mkaa.

Mjomba Nabor ndiye aliyeanza. "Lo! Eleuterio! Kumbe na wewe huwa unalia?"

"Analia kofia mdomoni, kama ndama!" akasema mwingine.

Na kicheko kikapasuka. Sidhani kilikuwa kicheko kibaya. Nimekaa na kicheko kile miaka ishirini na sita, nimekigeuza huku na huku, na naamini wale wanaume wanne walicheka kwa sababu kila mmoja alikuwa na nyuma-ya-masanduku yake. Lakini baba hakujua hivyo, au alijua na hakuweza kukivumilia. Alibadilika rangi. Kisha akatabasamu, na tabasamu lile nililiogopa kuliko mkanda wake.

"Aliyelia ni nani?" akasema. "Huyu hapa ndiye mlizi. Mtu huandika anachokijua. Hermelinda! Lete aproni yako."

Mama alikuwa mlangoni na sahani ya tortilla, zile chapati za mahindi. Alisema, "Eleuterio, mwache mtoto." Alisema mara moja, kwa sauti ndogo. Kisha akaivua aproni akampa.

Baba akamfunga Evelio ile aproni kiunoni, akakaza fundo kwa nyuma, akamrudishia daftari. "Sasa tusomee tena. Kwa sauti yako ya kweli. Ya kike."

"Baba..."

"Soma, binti yangu! Wageni wanasubiri."

Naye akasoma tena. Mheshimiwa Meya, kijana wa miaka kumi na mitatu alisimama uani kwetu na aproni ya mama yake akasoma msiba wa bibi yake kwa sauti nyembamba ya kuigiza, na kila alipopunguza sauti baba alimwambia, "Nyembamba zaidi." Hakulia. Alimaliza kurasa zote kumi na moja. Baba akalichukua daftari, akalilaza juu ya mkaa chini ya wavu wa nyama, akawasha redio. Tukala.

Ndugu wageni waalikwa, wale mliosoma riwaya yangu mnalijua tukio hili. Liko sura ya tisa. Na mnakumbuka kwamba katika sura ya tisa kuna msichana mdogo anayeruka katikati ya wanaume, anapiga kelele, "Baba, mwache!", anaingiza mkono kwenye moto na kulitoa daftari nusu limeungua. Nimeulizwa mara nyingi kuhusu msichana yule. Wanafunzi wa vyuo wameandika insha juu yake. Mama mmoja kule Fresno alinishika mkono akasema amempa bintiye jina la msichana yule.

Msichana yule hakuwepo. Aliyekuwepo ni mimi, na mimi nilicheka.

Nilicheka kwa sababu wote walikuwa wanacheka, na kwa sababu Evelio kwa kweli alichekesha na masikio yake yale na aproni ile, na kwa sababu siku hiyo, kwa mara ya kwanza, aliyekuwa chini hakuwa mimi wala mama. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Hiyo ni sababu. Sijui kama ni udhuru.

Jumamosi iliyofuata nilikuja hapa peke yangu. Mwalimu akaniuliza, "Evelio yuko wapi?" Nikamwambia amesema ana kazi. Alikwenda nyumbani kwetu siku hiyo hiyo, kwa miguu, na mwavuli. Evelio akamfungulia mlango akamwambia kwa adabu, "Mwalimu, asante, lakini hiyo ni kazi ya wasichana. Mchukue Nere." Mwalimu alikwenda tena, na tena. Alikwenda mara sita. Safari ya sita ni baba aliyefungua. Mpaka leo Mwalimu hajaniambia aliambiwa nini, ila najua kwamba hakurudi mlangoni petu mpaka Oktoba iliyopita.

Tuna neno letu kwa jambo hili, neno ambalo hata Wamarekani wamelichukua likiwa zima: machismo. Ni ule uanaume wa kukaza meno, wa baba aliye sheria, wa mwana asiyeruhusiwa kuumia. Sisi watoto wa wahamiaji tumeuandikia vitabu rafu kwa rafu. Mnazijua rafu hizo, zipo hapo nyuma yenu, Mwalimu alizipanga kwa mkono wake. Kuna baba mwenye mkanda, kuna mama aliyesimama jikoni, kuna mwana anayekunywa na binti anayeondoka na sanduku. Tumejifunza kuandika haya mpaka tumekuwa mafundi. Tunajua pa kuweka kofi, tunajua pa kuweka machozi, na tunajua kwamba kuelekea ukurasa wa mwisho mhariri atatuomba, kwa upole sana, mlango uliofunguka kidogo.

Mimi niliufungua. Mwisho wa riwaya yangu, mwana, akiwa mtu mzima, anarudi shambani, baba mzee anashuka kwenye ngazi, wanatazamana, baba anamkumbatia na kumwambia, "Nisamehe." Wahakiki waliusifu mwisho ule. Mmoja alisema unaponya.

Unaponya nani?

Siku moja, katika ukumbi uliojaa huko Portland, mzee mmoja wa kwetu alisimama. Alikuwa amevaa shati lake la kanisani. Akasema, "Binti, nimekusikiliza. Nataka kukuuliza: kwa nini mnawauza baba zenu kwa watu hawa? Mimi nimefanya kazi miaka arobaini na mgongo wangu umekwisha, na mwanangu ananisoma humo ndani kama mnyama." Watu walimzomea. Mimi nikamjibu jibu zuri, jibu la jukwaani, nikapigiwa makofi. Akakaa chini. Nilipokuwa nikisaini vitabu nikaona kiti chake kitupu, na nyuma yake kulikuwa na foleni ya vijana, na kila mmoja aliponikaribia alinong'ona sentensi ile ile: "Na wangu alikuwa hivyo hivyo." Vijana sabini au themanini. Ndugu zangu, mzee yule alikuwa na haki, na vijana wale walikuwa na haki, na mimi katikati yao nilikuwa na kalamu tu.

Evelio alikuwa amekuwa mtu wa maana mji huu. Nyapara wa zamu kwenye kiwanda cha kufungasha, mume wa Yadira, baba wa Ismael. Wengi mlio hapa mlifanya kazi chini yake. Mtakubaliana nami kwamba alikuwa wa haki, na mtakubaliana nami kwamba hamkumpenda. Alikuwa na msemo wake kwa kijana yeyote aliyejikata kidole: "Unataka nikuitie mama yako?" Mnacheka. Najua mnacheka kwa sababu mmewahi kuambiwa.

Riwaya yangu ilipotoka hakusema neno. Nilidhani hajaisoma. Kumbe aliinunua mwenyewe, akawa anaisoma ndani ya gari lake wakati wa mapumziko ya chakula, ukurasa mmoja au miwili kwa siku, kwa muda wa miezi miwili. Siku aliyoimaliza alikuja kwangu moja kwa moja kutoka kazini. Akakaa jikoni bila kuvua koti.

"Nimekisoma," akasema.

"Ehe?"

"Unaandika vizuri. Ile sehemu ya kidole gumba kwenye tufaha, hiyo ni nzuri."

"Ile ni yako, Evelio. Niliikumbuka kutoka kwenye..."

"Najua ni yangu." Akazungusha kikombe. "Nere, wewe ulicheka."

Nikamwambia, "Ni riwaya, kaka. Katika riwaya mtu hubadilisha."

"Sawa. Lakini ulicheka. Mimi nilikuwa nakutafuta wewe kwa macho, unajua? Nilisema, yule Nere hacheki. Nikatazama, nikakuona mpaka meno ya nyuma."

"Nisamehe."

"Aa, yamepita." Kisha akacheka, na kicheko chake, Mungu anisamehe, kilikuwa cha mjomba Nabor kabisa. "Na ule mwisho! Mzee anashuka ngazi, 'nisamehe mwanangu', wanakumbatiana! Umemtoa wapi huyo mzee? Nipe anwani yake na mimi nimtembelee."

Nikamwambia kitu ambacho waandishi huwaambia watu waliowaibia: "Basi andika wewe. Andika ilivyokuwa." Akaniangalia kana kwamba nimemwambia avae aproni.

"Mimi nina zamu kesho," akasema, akaondoka.

Hayo ndiyo mazungumzo yetu marefu ya mwisho.

Oktoba iliyopita, katikati ya msimu, alianza kuumwa tumbo siku ya Jumatatu. Yadira, uko hapa, na umenipa ruhusa, asante dada. Jumatatu alisema ni gesi. Jumanne alikuwa anatembea ameinama na akasema ni mgongo. Jumatano Yadira alichukua funguo za gari akamwambia, "Twende hospitali, Evelio, unaungua kama jiko," naye akamwambia, "Katikati ya msimu unipeleke kama mtoto mchanga, vijana wangu wananiangalia?" Akaenda kazini. Waliokuwa zamu ile wanasema alisimama wima kwenye mstari saa nane nzima, jasho likimtiririka, na mmoja alipomuuliza kama yuko sawa, akamjibu, "Kwani wewe daktari?" Alhamisi hakuweza kuinuka. Kilikuwa kidole tumbo, ndugu zangu. Kilikuwa kimepasuka muda mrefu na sumu imesambaa. Daktari aliniambia kwamba maumivu yale huwafanya watu wazima wapige mayowe, akaniuliza imekuwaje mtu huyu asiseme. Ningemjibu nini? Ningempa riwaya yangu?

Alifariki Jumamosi mchana.

Kwenye mazishi, mwanawe Ismael, mwenye miaka kumi, alisimama kando ya jeneza na suti ya kuazima, uso mkavu. Watu wote tulikuwa tumechanika kwa kilio. Baba yangu, mzee wa miaka sabini na mmoja, akamsogelea, akamwekea mkono kichwani, akawaambia waliokuwa karibu, "Mnamwona huyu? Halii. Huyu ni mwanaume." Na nikaona, kwa macho yangu haya, mgongo wa mtoto yule ukinyooka.

Nilikuwa hatua mbili kutoka kwao. Mimi, mwandishi wa sura ya tisa, mama wa yule msichana anayeingiza mkono motoni. Nilikuwa na nafasi niliyoitunga mwenyewe, imeletwa mbele yangu tena, na safari hii sikuwa na miaka kumi na mmoja. Mwajua nilifanya nini? Nilitafuta leso kwenye mkoba.

Mwalimu Socorro alikuwa nyuma yangu. Ni yeye peke yake aliyetembea mbele, akapiga magoti kwenye nyasi zenye maji, na magoti yake yale mabovu, akamwambia Ismael, "Mwanangu, ukitaka kulia, lia, baba yako alikuwa mtu wa kuliliwa." Ismael akamjibu kwa adabu: "Asante, Mwalimu. Niko sawa." Adabu ile ile ya Evelio pale mlangoni. Mwalimu alishindwa kuinuka, tukamnyanyua watu wawili.

Hiyo ndiyo sifa ninayommwagia leo, na sina nyingine. Sitasema alibadilisha mji huu, kwa sababu hakuubadilisha. Katika miaka ishirini na sita, amefundisha wanawake na wasichana mia nne na zaidi, na wanaume saba. Saba, Mheshimiwa Meya. Na wa kwanza alikaa miezi mitatu. Kuanzia mwezi ujao chumba hiki kitawekwa kompyuta, na hakuna aliyejitokeza kulichukua darasa. Aliwahi kukosea mara moja, kwa kumwamini baba mmoja zaidi ya uwezo wa baba yule, na kosa hilo hajawahi kulipaka rangi wala kumwachia mtu mwingine. Mimi niliyekosea zaidi nilipata medali kwa riwaya yangu.

Nimebakiwa na jambo moja.

Baada ya siku arobaini, baba alikuja kwangu Jumapili asubuhi, kofia mkononi. Akasema, "Nisomee hicho kitabu." Nikamwambia, "Baba, kimeandikwa kwa Kiingereza." Akasema, "Basi kigeuze huku unasoma." Tulisoma Jumapili nne. Hakusema lolote mpaka sura ya tisa, ambapo aliniinulia kidole: "Aproni haikuwa nyekundu. Ilikuwa ya buluu, ina mfuko mmoja." Na kuhusu msichana: "Huyu nani?" Nikamwambia ni mimi. "Wewe ulikuwa umekaa kwenye kreti, unacheka." Nikasema ndiyo. Akaitikia kwa kichwa, kama fundi mmoja kwa mwingine.

Tukafika mwisho. Nilimsomea ngazi, nikamsomea kumbatio, nikamsomea "Nisamehe".

"Huyo ni mimi?"

"Ni wewe, baba."

"Mimi sikufanya hivyo."

"Najua."

"Evelio aliisoma mpaka hapa?"

"Aliisoma."

"Akasema nini?"

Ndugu zangu, maisha yangu yote nimelipwa sifa kwa kutunga. Ningeweza kutunga. Sentensi moja tu ingetosha, na mzee angeondoka nayo mpaka kaburini. Nikamwambia, "Alicheka, baba."

Akaitazama kofia yake. Kisha nikamuuliza nilichokuwa sijawahi kuthubutu: "Siku ile nyuma ya masanduku, ulilia kweli?"

Akanishangaa, karibu akasirike. "Mama yangu alikuwa amekufa," akasema. "Ulitaka nifanye nini?"

"Uliwahi kumwambia Evelio hivyo?"

Akavaa kofia, akatoka. Hajaja tena Jumapili nyingine.

Jana nilikwenda kumwomba ruhusa ya kusema haya mbele yenu. Akasema, "Sema yote. Wala usinipambe." Nikamwomba aje. Akasema atanileta. Amenileta. Yuko nje kwenye maegesho sasa hivi, ndani ya pikapu yake ya kijani, na Ismael amekaa pembeni yake. Tulipofika nilifungua mlango nikamwambia mtoto, "Shuka, shangazi anakwenda kumzungumzia baba yako." Ismael hakunijibu. Alimgeukia babu yake kwanza, akasubiri. Na babu yake, ambaye hajawahi kukosa amri ya kumpa mtoto, hakumwambia shuka, wala hakumwambia kaa. Alishika usukani kwa mikono miwili akatazama mbele. Nilisimama pale mlango ukiwa wazi mpaka Bi Obdulia akaja kuniita kwamba wageni wamekaa.

Nimekuwa nikiutazama mlango wa ukumbi huu tangu nilipoanza kusema. Haujafunguka.

Mwalimu Socorro, pumzika. Bi Obdulia, niwie radhi kwa keki. Na nyinyi nyote, nawashukuru kwa kunivumilia na kunisikia mpaka mwisho.